Viwanda Vitano, Wachezaji Watano

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumatano. Kamati ya chama chetu cha ushirika wa kahawa ilikuwa imekaa katika ofisi yake pale Nyeri mjini ili kuamua kama itamfukuza kocha wetu wa mpira wa kikapu. Msimu ulikuwa umefika katikati, na mimi ndiye niliyekuwa kapteni. Niliulizwa swali moja tu, nikajibu kwa maneno manne. Ni kwa sababu ya maneno hayo manne ninakuandikia.

Nirudi nyuma kidogo ili uelewe. Miaka ile baada ya uhuru kila chama kilitaka kitu cha kujivunia. Wengine walijenga ukumbi, sisi tukaanzisha timu. Chama kilikuwa na viwanda vitano vya kahawa, kila kimoja kando ya mto wake, na kila kiwanda kilichagua mjumbe mmoja wa kukaa kwenye kamati. Mwenyekiti, Bwana Wachira, aliposikia kwamba mpira wa kikapu huchezwa na watu watano, alipiga meza kwa furaha.

"Viwanda vitano, wachezaji watano! Mungu mwenyewe amepanga!"

Hivyo ndivyo sheria ilivyozaliwa. Wakati wote wa mchezo, kila kiwanda kiwe na mtu wake uwanjani. Akichoka wa kiwanda hiki, aingie mwingine wa kiwanda hicho hicho. Usicheke haraka. Wazee wale walikuwa wametoka katika enzi ambayo mambo yao yote yaliamuliwa na wengine, na kwao haki ilikuwa ni kila mmoja kuwa na mtu wake ndani. Kwa kugawana maji ya mto, sheria kama hiyo ingefaa sana.

Tatizo lilikuwa hili. Wachezaji wetu wawili warefu, Ngatia na Maina, walitoka kiwanda kimoja, kile cha juu karibu na msitu. Kwa hiyo kila mara mmoja alikaa benchi akimwangalia mwenzake. Na mimi, niliyekuwa mfupi na mzito wa kuruka, nilicheza kila dakika kwa sababu kiwanda chetu hakikuwa na mwingine. Ukapteni niliupata kwa kuwa nilijua sheria za mchezo. Nilikuwa karani wa mizani mwenye darasa la saba tu, lakini nilikuwa nimeazima kitabu cha sheria hizo nikakisoma chote, kamusi ikiwa kando.

Kocha wetu, Mwalimu Gichuki, alifundisha useremala. Ubao wa ringi yetu aliuchonga mwenyewe. Mechi sita alitii sheria ya kamati, na mechi sita tukashindwa. Ya saba, dhidi ya Karatina, aliwaingiza Ngatia na Maina pamoja, akaniweka mimi benchi. Tulishinda. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila kikapu na nani alikuwa uwanjani kilipofungwa, na siku hiyo niliandika kurasa mbili nzima. Daftari lilisema wazi kwamba kocha alikuwa sahihi. Moyo wangu ulisema amenidharau mbele ya watu wa kiwanda chetu.

Sasa turudi kwenye ile Jumatano. Bwana Wachira alisema timu imeshindwa mechi sita, na kosa ni la kocha. Ile moja tuliyoshinda hakuitaja. Kisha akanigeukia.

"Kapteni, wewe uko nao kila siku. Wachezaji wanasemaje?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti. Nililisikia likinigusa mbavu.

"Wachezaji wanaunga mkono kamati," nikasema.

Hakuna mchezaji hata mmoja niliyekuwa nimemuuliza. Kocha alifukuzwa kabla chai haijaletwa.

Kesho yake nilitumwa nikachukue mipira na filimbi. Nilimkuta Mwalimu Gichuki kwenye karakana yake akipiga randa mlango. Hakuacha kazi.

"Mipira iko pale kwa gunia," akasema. "Umekuja na daftari?"

"Ninalo, Mwalimu."

"Siku ya Karatina uliandika?"

"Niliandika."

"Na jana uliwasomea?"

Nikainama kushika gunia. Akapuliza maranda juu ya mbao, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Ati wachezaji wamenikataa. Fundi wa baiskeli ameniambia, mama wa mboga ameniambia, hata wanafunzi wangu wananong'ona. Mimi timu nitapata ingine, kijana. Sasa wewe, mdomo ingine utatoa wapi?"

Nilibeba gunia lile hadi mjini kwa miguu. Lilikuwa na mipira mitatu tu, lakini nilisimama kupumzika mara nyingi kuliko njia ilivyohitaji. Nilikuwa nimemwondolea mtu jina lake, na jina hilo sikuwa na njia ya kulirudisha ila kwa mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale.

Baada ya wiki tatu tulicheza nyumbani dhidi ya Nanyuki. Ilikuwa Jumamosi ya soko, na wakulima walikuja wengi, akina mama wakiwa bado na vikapu vyao mgongoni. Kamati ilikuwa imenipa mimi kazi ya kocha juu ya ukapteni, pamoja na karatasi yenye majina matano ya kuanza mchezo. Langu lilikuwa la kwanza. Kabla ya filimbi, Bwana Wachira alishika kipaza sauti cha mkono akawaeleza watu kwamba kocha ameondolewa kwa ombi la wachezaji wenyewe.

"Kapteni wenu huyu hapa," akasema. "Yeye mwenyewe ndiye alisema."

Akaninyooshea kile kipaza sauti ili niwasalimu. Nikakipokea.

"Wazee na akina mama, hamjambo," nikasema. "Niliyoyasema mbele ya kamati yalikuwa uongo. Wachezaji sikuwauliza. Nilikasirika kwa sababu Mwalimu Gichuki aliniweka benchi, na alikuwa na haki ya kuniweka. Hizo mechi tulishindwa kwa sababu ya sheria ya viwanda. Ngatia na Maina wataanza pamoja. Mimi nitakaa."

Nikarudisha kipaza sauti, nikaenda nikakaa. Bwana Wachira alinifuata hadi kwenye benchi, uso umemvimba.

"Ingia, kijana."

"Siingii, Mwenyekiti."

"Hii timu ni ya baba yako?"

"Si ya baba yangu. Wala si ya mjumbe yeyote."

"Usipoingia sasa hivi, hiyo jezi utaivua leo na hutaivaa tena."

"Mchezo ukiisha nitaivua mwenyewe."

Mama Wangechi, aliyeleta kahawa kwenye mizani yangu kila msimu, alipiga kelele kutoka nyuma ya mstari. "Na kiwanda yetu je? Itabaki bila mtu?"

"Itabaki na mimi, mama. Kwa benchi."

"Basi kaa vizuri tukuone!" akasema, na watu wakacheka. Refa, aliyekuwa amechoka kutusubiri, akarusha mpira juu.

Ningependa kukuambia kwamba tulishinda. Tulishindwa kwa pointi tatu. Bwana Wachira alikuja kunionyesha ubao wa pointi kwa kidole. Nikamwambia, "Nimeona. Na bado siingii." Nikavua jezi hapo hapo, nikaikunja, nikamkabidhi. Sikuichezea timu ile tena. Sheria ya viwanda ilidumu msimu mmoja zaidi, mpaka timu yenyewe ikafa kwa kukosa wachezaji.

Mwalimu Gichuki hakurudishwa. Alipata timu huko Murang'a, na walipokuja kumwita hawakuuliza tena kama wachezaji wake wa Nyeri walimkataa, kwa sababu habari ya kipaza sauti ilifika huko kabla yake. Miezi kadhaa baadaye tulikutana sokoni Karatina.

"Nasikia Nanyuki waliwapiga," akasema.

"Walitupiga."

"Na pointi ngapi?"

"Tatu."

"Warefu wote wawili ndani?"

"Wote wawili, tangu mwanzo."

Akafikiri. "Basi ni mazoezi. Wiki tatu bila kocha, pumzi inaisha." Akanipa mkono, akaenda kununua misumari. Msamaha hakuutaja, nami sikuuomba.

Mwanangu, wapo watakaokuambia nilipoteza nafasi yangu kwa mchezo ambao hata hivyo tulishindwa. Waambie mimi mwenyewe nimesema nafasi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mrefu zaidi, na niliikalia kwa sababu ya mahali nilipozaliwa. Nikirudishwa uwanja ule leo nitakaa benchi ile ile, hata tufungwe kwa pointi thelathini.

Shauri langu ni hili. Wakubwa wakikuita ndani ya chumba na kukuuliza wenzako wanasemaje, nawe hujawauliza, sema hujawauliza. Ukiwa na ushahidi mfukoni, utoe siku hiyo hiyo, kwa sababu mimi nilichelewa wiki tatu na mtu mwingine akazilipa kwa jina lake. Na ukishakosea, usirekebishe pembeni, kwa barua au kwa kunong'ona. Rekebisha pale pale uongo ulipotangazwa, kwa sauti ile ile au kubwa zaidi. Watakuvua jezi. Waache waivue.

Mungu akupe kifua cha kusema ukiwa bado umekaa nao mezani. Akikunyima hicho, akupe basi miguu ya kusimama mbele ya watu baadaye, na akuepushie wivu wa kumwonea aliyekuzidi urefu. Nenda salama, mwanangu, na uwe mgumu pale panapostahili.