Elsie na Mwaka wa Mafuriko

Mume wangu Danson alikuwa mwalimu asiye na cheti kule Mwanda, na kama kuna kitu alikijua duniani, ni kukimbiza watoto. Kila jioni filimbi shingoni, kaptula imepauka, anapanda nao kilima. Nilikuwa namwambia, "Wewe baba Donald, mahindi yetu yatapaliliwa na nani, hiyo filimbi?" Anacheka tu.

Elsie alikuwa darasa la nne, msichana mkubwa kidogo maana alichelewa kuanza shule. Ukimuuliza jina, anatia vidole mdomoni na kugeukia ukuta. Miaka miwili walimu hawajasikia sauti yake. Siku moja Danson akamwona akipandisha ndoo ya maji mlimani, mbio, bila kumwaga. Akamwingiza kwenye mita mia nne. Lo! Alipowashinda wa shule jirani, mtoto akafunguka. Akawa anajibu darasani hata swali lisilo lake. Akaanza kunibishia mimi bei ya mayai! Nilimpenda, sitaficha.

Mwaka wa sabini na nne tukashuka Voi kwa lori, mashindano ya wilaya. Elsie alikuwa na miaka kumi na mitatu. Danson akamwandika kumi na mmoja ili akimbie na wadogo. "Kila shule inapunguza," akaniambia. Njia nzima akamkaririsha: kumi na mmoja, kumi na mmoja.

Watoto wetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Na afisa wa kukagua umri aliyekaa mezani, mzee wa huko huko milimani, hakujali namba. "Haya, mama," akamwambia Elsie kwa upole, "mwaka uliozaliwa, mvua ilikuwaje?" Danson hakuwa amemfundisha habari za mvua.

Elsie akasimama wima, kidevu juu. Akaeleza uwanja mzima usikie: yale mafuriko makubwa, maji yakazoa mbuzi watatu wa babu, naye ana siku nne tu, nyanya akamfunga kifuani wakakimbilia kanisani. Sijawahi kusikia mtoto akisimulia vizuri vile. Afisa akafunga kitabu. "Sitini na moja," akasema.

Shule yetu yote ikatolewa. Kwenye lori wenzake wakamwambia Elsie, "Mdomo wako huo!" Mwezi ule ule Danson akaletewa barua ya kuachishwa kazi.

Jioni moja mtoto akaja mlangoni kwetu. "Mwalimu, nilikosea wapi?" Nikamkazia macho mume wangu. Mwambie! Mwambie ni wewe uliyedanganya! Danson akachukua jembe, akampita pale mlangoni, akaenda shambani.

Basi nikamwambia mimi. Nikamshika mabega nikamwambia hakukosea hata kidogo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye njia ya shambani.

"Umenisikia, Elsie?"

Akatia vidole mdomoni, akageukia ukuta.