Kibofu Changu Tulikizika Daudi

Kosa ni langu, nalisema mwenyewe kabla majirani hawajalisimulia vibaya zaidi. Lakini sianguki peke yangu. Wenzangu nawataja: kaka yangu Tluway na shangazi Emiliana.

Nilikojoa damu miezi mingi nikidhani ni kichocho. Mwisho nikapasuliwa hospitali ya Haydom, kibofu chote kikatolewa. Sasa mkojo unatokea kwenye mfuko hapa tumboni.

Daktari akampa Tluway kopo lenye kibofu ndani ya dawa ya kuzuia kuoza, apande nalo basi mpaka maabara ya rufaa. Wakipime, waone kama kansa imefika kwenye kingo zake. Ndivyo tungejua kama imebaki mwilini.

Mimi mjinga nikamnong'oneza Tluway: "Kiungo cha mtu hakiachwi ugenini. Shuka pale kijijini kwetu Daudi, ukizike nyumbani." Shangazi akaunga mkono, eti mwili ukikatwakatwa na wageni mgonjwa hainuki. Wakakizika nyuma ya zizi, na kopo lake, na sala juu.

Wiki tatu daktari anapiga simu kuuliza majibu, mimi nasema bado. Usingizi ulinikimbia! Nikajihesabu marehemu, nikagawa ng'ombe. Dume kubwa nikampa Tluway, asante ya mazishi.

Mke wangu Martina akanibana mpaka nikasema. Akachukua jembe. Anachimba, shangazi anakemea, mimi nimeshika mfuko wangu wa mkojo nachungulia kaburi langu mwenyewe. Kicheko kikanishika, mshono ukauma, na bado nacheka.

Kopo halikuvuja hata tone. Tukampelekea daktari na udongo wake. Ni kijana wa kumzaa mwenyewe, lakini siku hiyo nilimwamkia shikamoo. Akatazama kopo, akanitazama.

"Mzee, na msalaba mliweka?"

"Mdogo tu, wa mti."

Akainamia meza, mabega yanatikisika. Kisha akasema ile dawa ndiyo imetuokoa, na safari hii Martina alipeleke.

Majibu yakaja: kingo safi, na tezi zilizokatwa pamoja nacho safi. Niliruka kama ndama, mfuko nusura uchomoke!

Nimemwambia Tluway nimefufuka, arudishe dume langu. Anasema alipewa na marehemu, mimi hanijui.

Ndugu msomaji, ukikabidhiwa kopo la mgonjwa, kaa kwenye kiti chako mpaka maabara. Hata basi likisimama mlangoni kwenu, usishuke.