Tofali Lililokwenda na Treni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile niliyobeba godoro kichwani nikaingia katika nyumba ya mtu mwingine na kuiita yangu. Mungu amenipa miaka mingi tangu wakati huo, na bado namshukuru kwamba hakuniacha nilale humo hata usiku mmoja.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kapata, katika zile nyumba za kampuni zilizopangwa mistari. Machimbo ya shaba yaliyoitwa Mashamba, nilikokuwa nafanya kazi, yalikuwa yanakufa. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi tu, nimebanana na mke wangu Feza katika chumba cha nyuma kwa kaka yangu. Ndipo yakaja yale maneno ya kuwafukuza ndugu zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai, eti ni wageni wanaotunyang'anya kazi na nyumba. Jumapili moja vijana walipita mlango kwa mlango na fimbo na nyimbo. Jirani yetu Tata Ntumba, fundi mwashi na mzee wa kanisa letu, alitoka na mkewe, watoto watano na masanduku mawili, wakaenda kulala uwanjani pale stesheni, kungojea treni ya kwenda Kasai. Mimi sikumgusa mtu. Nilisimama nyuma ya pazia nikachungulia. Kesho yake nikabeba godoro hadi nyumbani mwao.

Feza alibaki mlangoni na chungu chake mikononi, akilitazama jiko la makaa lililoachwa.

"Mi sitapika hapa," akasema. "Angalia mu mbabula. Majivu ya Mama Ntumba iko kungali ndani. Juzi alipika bukari mu hii hii, akanigawia."

"Tusipokamata siye, bengine batakamata."

"Bakamate. Weye wende kwanza ku gare, umuulize mwenyewe."

Nilikwenda stesheni na hasira, tayari kwa matusi. Nilimkuta Tata Ntumba ameketi juu ya sanduku, chini ya shuka lililofungwa kwenye fito. Habari za godoro langu zilikuwa zimekwisha kumfikia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, lakini ulimi ulikuwa ule ule.

"Ah, mutoto! Kitanda yangu uliiona sawa? Muguu moja inalegea, uweke jiwe chini."

Watu wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kisha akashusha sauti. "Sikia. Ile nyumba ni ya kampuni. Mi nilijenga nyumba za bantu bengine mpaka mvi ikanishika, yangu hata moja. Leo naenda, sina hata tofali ya kusema hii njo yangu. Chini ya kitanda kuko kalibu, ile kisanduku ya mbao ya kufyatulia tofali. Kamata ile. Nyumba uiache."

Siku ile ile nilitoa godoro na kalibu, tukarudi kwa kaka yangu. Mkuu wa kijiji jirani alitupa kipande cha ardhi chenye kichuguu kikubwa, na udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa matofali. Mvua ilikuwa karibu, na Feza alikuwa mjamzito. Lakini mimi mtoto wa kampuni nilizoea kwamba bawaba ikivunjika, fundi anatumwa. Nilianika matofali yangu juani, nikidhani jua kali ndilo litakaloyakaza, nikachukua moja nikampelekea Tata Ntumba.

Aliliinua hadi begani, akaliachia. Likawa vumbi.

"Uliianika kama samaki! Funika na majani, ikauke pole pole. Rudia."

La pili likakatika katikati.

"Unakanyaga udongo kama unaogopa kuchafuka. Kanyaga! Rudia."

Majuma yalipita na treni haikuja. Nilijikuta naomba ichelewe ili nijifunze zaidi, kisha naona haya mbele za Mungu, maana watoto wake walikuwa wanakohoa pale kwenye baridi ya alfajiri.

La tatu lilianguka, likabingirika, likabaki zima. Tata Ntumba alilifuta kwa kiganja. Treni ilifika siku hiyo hiyo. Katika msukumano ule nilimwona akilifunga tofali ndani ya shati lake.

"Tata Ntumba!" mkewe akapiga kelele. "Tunaacha masufuria, weye unabeba udongo?"

"Hii njo nyumba," akajibu, akapanda.

Sikupata habari zake tena. Kila jioni namtaja katika sala.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, hatua tano kwa nne, paa la nyasi, ukuta wa mlangoni umepinda kidogo. Mvua ya kwanza ilitukuta ndani. Feza aliwasha mbabula yake, tukakaa tukiisikiliza mvua, na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa humo.

Mwanangu, usihamie mahali mwenzako alipotolewa kwa machozi, hata kama kila mtu anafanya hivyo, hata kama mlango uko wazi. Usione aibu ya chumba kimoja ulichokikanyagia udongo mwenyewe. Usikiharakishe, kiache kikauke kivulini. Na ukikutana na mtu uliyemkosea, naye bado akakufundisha, mshukuru maisha yako yote, maana mimi sijamaliza kumshukuru wangu.

Bwana aliyenipa ukuta uliopinda na usingizi mtamu akupe mikono isiyochoka na mke atakayekataa kuweka chungu mahali pasipo pako. Na popote lilipo tofali lile, alizungushie kuta nyingine. Amina.