Nguzo za Pudentienne

Mwaka 1991, mkazi wa Kigali aliyetaka kuaminiwa alitakiwa kufanya mambo machache, tena hadharani. Pudentienne, mjane wa Kabeza, alipanda miti.

Alikuwa mfuaji wa vitambaa vya altare, na maji aliyachota kwenye chemchemi ya bondeni, iliyozidi kukonda. Yeye alilaumu mikaratusi iliyoizunguka, inayokunywa kama walevi siku ya mshahara. Majirani walilaumu maadui waliokuwa wakipigana huko kaskazini, ambao mwaka ule walilaumiwa hata kwa jua. Kwa ruhusa ya padri, mwenye shamba, alikata mikaratusi akachomeka vijiti sita vya mivumu, mti ambao wazee husema hutunza maji.

Vilipotoa majani, alifika Niyonzima, nyumbakumi wa hapo. Alikabidhiwa nyumba kumi. Alizichunguza ishirini, kwa kujitolea.

"Mama, hii miti iko ya nini?"

"Ya kivuli. Mungu ametupa maji, sisi tuyafunike."

"Mivumu iko ya wafalme. Penye boma la zamani, iko mvumu. Unangoja nani?"

"Nangoja mvua, bwana."

"Mvua ya kutoka upande gani?"

"Mawingu hayaniagi."

Aliandika hilo pia.

Jumamosi ya umuganda, watu wa mtaa walipokutana kwa kazi ya pamoja, vijiti viling'olewa. Pudentienne aliambiwa akirudia ataenda kujieleza kwa konseye, mkuu wa sekta. Mwaka ule, walioenda kujieleza walichelewa kurudi.

Wiki mbili baadaye Niyonzima aligundua hatari nyingine: sumu. Akaamuru chemchemi ijengewe uzio. Nguzo je?

"Ninazo," alisema Pudentienne.

Alileta ishirini, nene, mbichi, bila jani hata moja. Niyonzima, mtoto wa mjini, alijua miti kwa majani. Wachimba mashimo waliutambua mvumu mara moja. Kila mmoja akamtazama mwenzake, akafikiri nani atakwenda kusema, akaendelea kuchimba.

Tangu hapo, kila akifua, Pudentienne alimwaga beseni chini ya nguzo.

"Mama, unanyweshea uzio?"

"Maji ya kwanza ya vitambaa vya altare hayaendi mtaroni, bwana. Kanisa linataka yarudi ardhini."

Niyonzima akapiga ishara ya msalaba, kwa tahadhari.

Mvua za Machi zilipokuja, uzio ulichipua. Niyonzima aliuzunguka mara mbili. Kuung'oa kungekuwa kukaribisha sumu. Kuushtaki, konseye angeuliza nani aliyeuamuru. Alifungua daftari, akaandika kwamba uzio uko imara, na unaongezeka.