Ulanzi wa Asubuhi

Sosthenes wa Kihesa ameendesha Costa ya Iringa kwenda Mbeya miaka ishirini na mbili bila kugonga hata kuku, na akiwa kazini pombe haigusi. Muulize mkewe, Severina. Lakini ulanzi, utomvu wa mianzi uliogemwa alfajiri, mtamu, haujachacha, nani Iringa anauita pombe? Hata watoto wanapewa. Basi kila msimu wa mianzi aliweka dumu lake kando ya gia akanywa taratibu njia nzima, wala hakufikiri kwamba joto la injini lilikuwa linauchachusha.

Msimu uliopita, saa saba mchana, karibu na Mbeya, askari wa usalama barabarani alimpa kifaa apulize. Akapuliza huku anacheka. Namba zikapanda, zikapita kiwango cha sheria, zikazidi kupanda. Kicheko kikamkauka.

"Afande, mimi sijalewa."

"Hiki hakimuulizi mtu anavyojisikia, baba."

Abiria wakahamishiwa gari lingine, yeye akapelekwa kituoni. Hakimu akamtoza faini na kumfungia leseni.

Hayo aliyakubali. Kinachomshangaza hadi leo ni zile safari nyingine zote: ukungu wa Mafinga, malori ya Zambia, wanafunzi wakivuka barabara, na yeye ana dumu lile lile, anajiona mzima kabisa. Akisimulia, akifika hapo hushusha sauti kama yuko kanisani.

"Severina, miaka yote ile usukani alikuwa ameushika nani?"