Silinda hedi ya Pijo 404 niliyoipata matangani Gihosha

Wakuu, salamu nyingi toka Bujumbura.

Hii si chai ya kutunga, ni mambo yangu mwenyewe, na naandika nikiwa nimeinamisha uso.

Mnakumbuka nilikuja humu kuomba msaada wa Pijo 404 ya mzee wangu? Gari hiyo ndiyo teksi iliyotulea mtaani kwetu Buyenzi. Mimi nikaiendesha bila kuangalia maji, injini ikachemka, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapasuka. Mzee hakunigombeza, na heri angenitukana.

Mlinishauri nichomelee. Nikachomelea, ikavuja tena. Mafundi wakaniambia kitu hicho mjini hakipatikani. Na mzee afya yake si nzuri, anachotaka ni kuisikia ikinguruma kabla hajaondoka duniani.

Ndipo mdau mmoja wa humu akanidokeza kwamba Gihosha kuna mtu ana 404 imelala uani, injini nzima.

Nikapanda huko mlimani. Nafika nakuta turubai, viti, watu wamevaa vizuri. Mwenye gari amefariki, na siku hiyo familia inaondoa matanga.

Mtu mwenye akili angetoa pole akajiondokea. Mimi macho yalikuwa kwenye gari. Nikapewa kiti na Fanta, nikakaa.

Sasa huku kwetu matanga yana hotuba. Maikrofoni inazunguka, na ikanifikia. Nikasema natoka Buyenzi, na kwamba mimi na marehemu tumekutanishwa na gari hizi za zamani. Nilijiona mjanja, eti sijadanganya sana.

Binti yake mkubwa akasimama, machozi yanamtoka.

"Kumbe ni kwako papa alikuwa anashindaka kila samedi? Na sisi tulikuwa tunamuwazia mabaya!"

Nikaelewa: kila Jumamosi marehemu alikuwa akitoweka, na wanawe wakidhani ana mwanamke. Watu wote wananitazama mimi. Ningeweza kusema nilitaka kumsitiri marehemu. Wakuu, nisijipambe. Nilifikiria silinda hedi.

"Ndiyo, dada. Ni kwangu."

Makofi yakapigwa. Binti akaniambia nifungue chochote ninachotaka kwenye gari, ni zawadi. Mjane aliitikia kwa kichwa.

Nikaifungua silinda hedi, fundi akaifunga kwenye gari yetu, ikawaka. Mzee akapiga honi mtaa mzima, akamwambia kila jirani kwamba amezaa mwanaume. Kila akinisifu nilitamani ardhi ipasuke. Chakula kilinishinda.

Mwisho nikabeba mchele na sukari, nikarudi Gihosha kukiri. Mjane alinipokea getini, peke yake.

"Mama, unisamehe. Nilidanganya. Mumeo sikuwahi hata kumuona."

"Najua," akasema. "Mi najua kwenye alikuwa anaenda, na huyo mwanamuke namujua. Lakini watoto hawajui. Toka siku ile wanamutaja baba yao bila kugombana. Apana kuwaambia kitu. Beba muchele yako, usirudie hapa tena."

Akafunga geti.

Nilishuka kwa miguu hadi mjini, sikutaka hata kukaa karibu na mtu kwenye basi. Nilienda kutua mzigo, nikarudi nao pamoja na wa yule mama.

Nilichojifunza: ukienda kwa watu na shida yako, itaje kabla hujakalia kiti chao. Ukishakaa, wanakuchukulia kuwa mwenzao, na kila unachosema baada ya hapo kinaingia ndani ya nyumba yao.

Haya, wale wa kunitukana nafasi ni yenu, nastahili. Ila wenye busara mnisaidie kwanza.

Mzee wangu hajui uongo huo; anajua tu kwamba kifaa ni zawadi ya mjane wa Gihosha. Hivi ninavyoandika yuko nje anaipangusa gari vioo. Anasema tukitoka tu swala ya Idi, tunapanda wote Gihosha, amshukuru yule mama kwa mdomo wake mwenyewe.

Nimwambie nini?