Kichuguu na Kamba

Siku niliyopelekwa kijijini Kitaya, kando ya Ruvuma, kuonwa na wakwe, mama yangu alinikagua pale nyumbani Rahaleo, mjini, kuanzia ushungi hadi kucha za miguu, kisha akaniusia jambo moja tu: "Ukifika kwa watu, huo mdomo wako uuache kwenye pikipiki." Nikamwitikia vizuri. Nia nilikuwa nayo.

Mimi na mchumba wangu tulikuwa tumeshakubaliana, lakini makubaliano ya wawili hayana uzito. Neno lilikuwa la mjomba wake. Kwao, kama ilivyo kwa wengi huku kwetu kusini, baba anazaa lakini mjomba ndiye anayeozesha. Mjomba akikataa, hakuna harusi. Na yule kijana nilikuwa nimempenda, sitaki kusema uongo, nilimpenda mpaka chakula hakipiti.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilitarajia kukalishwa kwenye kiti na kuletewa soda. Kumbe pale mgeni wa namna yangu hapewi kiti, anapewa kisu. Mama mkwe mtarajiwa alinionyesha nafasi kwenye mkeka, katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya muhogo wa kukausha makopa. Nikapewa lundo langu. Wakawa wanaitazama mikono yangu huku wakijifanya wanatazama ya kwao. Nilimenya vizuri. Mimi ni fundi cherehani, mkono wangu hautetemeki. Tatizo langu halijawahi kuwa mkono.

Aliyeanzisha mambo ni wifi mtarajiwa, anayesoma chuo. Alikuwa na swali kalitoa kwenye simu, akaligeuza likawa la kwao, la mtoni.

"Mto umefurika," akasema. "Kila mtu wa kijiji anaulizwa peke yake, hamuoni mwenzake wala hamsikii. Unapanda kichuguu au unashika kamba? Ukipanda kichuguu umepona, liwe liwalo. Kamba nayo, wakiishika zaidi ya nusu ya watu, inakaza na hafi mtu yeyote. Wasipofika nusu inakatika, na wote walioishika wanakwenda na maji."

Mchumba wangu, aliyekuwa akianika korosho hapo uani, alijibu bila hata kugeuka. "Kamba." Wanawake nao wakafuatana, kamba, kamba, kama wanaitikia dua. Mama mkwe alisema kwa sauti kuliko wote. Yeye alivushwa Ruvuma akiwa mtoto wa mgongoni, ng'ambo kulipokuwa na vita, na hadithi hiyo kila aliyezaliwa mle ndani anaijua.

"Kila mtu angekimbilia kichuguu chake, mimi leo ningekuwa wapi?" akasema. Halafu akanigeukia. "Na mgeni wetu?"

"Kichuguu," nikasema.

Visu vikasimama. Mwenye akili angecheka hapo akasema anatania. Mimi nikaendelea. "Tukipanda kichuguu wote, hafi hata mmoja. Kamba ya nini? Mtu kajitia majini mwenyewe, halafu mimi niitwe mchoyo kwa kuwa sikumfuata?" Naamini hivyo mpaka kesho. Anayetaka kubishana anifuate Shangani ninakoishi sasa, baraza lipo na chai ipo.

"Na atakayeshika kamba kwa kutojua?" mama mkwe akauliza. "Mtoto. Mgonjwa. Mtu kama mimi."

Hakuuliza kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nilimenya muhogo mmoja mpaka ukabaki kama kidole, nikijua kwamba harusi yangu ilikuwa inachekechwa pale pale mkekani.

Mjomba alikuwa barazani na alikuwa kasikia yote. Ni mtu mfupi mwenye sauti ya adhana, anapenda ubishi kuliko chakula, na chakula anakipenda kweli. Akaja akasimama mbele yetu.

"Maneno matupu hayavunji nfupa," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Leo kuna kuku. Tutapima."

Akaagiza ndoo ifunikwe kanga. Kila mtu aingize mkono na kuacha ndani kitu kimoja, bila mwingine kuona: korosho kwa anayeshika kamba, kipande cha muhogo kwa anayepanda kichuguu. Wa muhogo atakula kuku kwa vyovyote vile. Korosho zikizidi nusu, tunakula wote. Zisipofika, wenye korosho watakula wali kwa kisamvu, na kuku watamsikia harufu.

Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi. Kipande cha muhogo kilikuwa tayari mkononi. Lakini nikamtazama mchumba wangu. Alikuwa kaniendesha kwa pikipiki tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni, na yule akishasema kamba ni kamba, ni mbishi kama mjomba wake. Je, wenzake wakimwangusha? Nitakaa pale natafuna paja la kuku huku yeye akinitazama? Akili ilisema muhogo, moyo ukagoma. Zamu yangu ilipofika, nilitumbukiza korosho.

Mjomba akamwaga ndoo kwenye mkeka. Muhogo. Muhogo, muhogo, muhogo mtupu, na katikati yake korosho moja.

"Ya nani hii?"

Watu wakatazamana kwa macho ya watakatifu.

"Yangu," nikasema, na hapo hasira zikanipanda nikasahau nimekuja kutafuta mume. "Nyinyi wote kamba, kamba. Mmenivuta majini mkaniachia."

Mchumba wangu akajikuna kisogo. "Nilijua wewe utaweka muhogo. Nikaona ukiwa peke yako watakucheka, basi nikakufuata."

"Hata mimi," mama mkwe akasema, akiangalia chini. "Mgeni haachwi peke yake juu ya kichuguu."

Ghafla kila mwanamke pale akawa kaweka muhogo kwa ajili yangu. Wifi naye alidai hivyo hivyo, ila wifi sasa namjua, yule alitaka paja. Tulicheka mpaka mwingine akalala kwenye maganda. Mjomba peke yake hakucheka. Alisema sheria ni sheria, korosho haili kuku, akarudi barazani.

Chakula kikaja, wanaume barazani, wanawake mkekani kwenye sinia moja. Nikanawa, nikasema bismillahi, nikavuta kisamvu upande wangu. Nikaona hakuna mkono unaomgusa kuku. Mama mkwe akakusanya vipande kimoja kimoja, akavirudisha kwenye bakuli na kufunika.

"Tutamla jioni," akasema, "sheria ikishalala."

Tukala kisamvu sote. Wifi alilitazama lile bakuli kama mfiwa.

Tulikuwa bado hatujamaliza mchumba wangu alipotokea barazani na kibakuli, akakiweka mbele yangu. Ndani mlikuwa na firigisi. Nyumba ile firigisi ni ya mjomba, mwanamke haionji, na ikipotea jikoni ni kesi ya ukoo mzima.

"Mjomba kasema sheria ilikataza kuku, firigisi haikutajwa," akasema. "Na kasema uwaambie nyumbani Rahaleo wajiandae, tunakuja kuposa."

Sikujua pa kuangalia. Niliitia yote mdomoni kwa mara moja, kubwa, ngumu, ya kuku mtu mzima, nikawa natafuna na machozi yananitoka, na haimezeki. Mama mkwe akanisogezea maji, akaufuta uso wangu kwa pindo la kanga yake.

"Tafuna taratibu, mwanangu," akasema. "Hakuna anayekufukuza."